Doa la Mguuni Si la Kufichwa

Katika viungo vyote vya mtu wa kazi, hapana kinachotumikishwa sana na kutazamwa kidogo kama mguu. Uso huoshwa kila asubuhi na kutazamwa kwenye kioo. Mikono huonwa na kila tunayesalimiana naye. Bali mguu huingizwa katika buti la mpira alfajiri, ukatolewa jioni giza likiingia, ukamwagiwa maji kidogo, ukalala. Ndiyo maana maradhi mengi yapendayo kuja kimya kimya hupiga hodi hapo chini kwanza, na mwenye nyumba hasikii.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita jambo hili lina uzito wa peke yake. Mkulima wa mpunga husimama katika majaruba tangu mvua za kwanza hata mavuno. Mkulima wa pamba hutembea na katambuga au pasipo kiatu. Kule Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, mchimbaji mdogo hushuka katika duara lenye maji na matope, na mkewe au dada yake huinama mwaloni akiosha mchanga uliotoka karashani. Mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, imewapa maelfu ya watu kazi inayofanywa kwa mabuti miguuni mchana kutwa. Watu wote hao wakikaa jioni kunyoosha miguu, wengi wataona doa: jeusi, jeupe, jekundu au la rangi ya udongo. Wachache watauliza limetoka wapi.

Neno letu leo ni moja. Doa la mguuni ni shahidi. Lina jambo la kusema juu ya mwili wa mwenye nalo, na mara nyingine lina jambo la kusema juu ya maji ya kijiji kizima. Kulificha ni kumfumba shahidi kinywa, na kuliogopa bila kulipima ni kumhukumu pasipo kumsikiliza.

SI KILA DOA NI BALAA

Tuanze na yaliyo mepesi, kwa maana ndiyo mengi. Rangi ya ngozi yetu hutengenezwa na seli maalumu zilizo ndani ya ngozi, nayo huitwa melanini. Seli hizo zikisumbuliwa na jeraha, upele, mbu, viroboto au kucha za mtu mwenyewe anapojikuna, huweza kutoa rangi kupita kiasi, na mahali pale pakabaki peusi. Huweza pia kuchoka, pakabaki peupe. Ngozi nyeusi ina tabia hiyo zaidi kuliko ngozi nyeupe. Doa la namna hii haliwashi tena, haliumi, wala halikui. Hufifia polepole kwa miezi mingi, na dawa yake kubwa ni kuacha kulikuna.

Kuna kuvu wapendao unyevu baina ya vidole. Ngozi hapo huwa nyeupe, hulainika, huchanika, huwasha, kisha huacha alama. Kuna pia vijidudu vya bakteria vinavyokula ngozi ya unyayo uliolowa siku nzima, ukaonekana kama uliotobolewa tundu ndogo ndogo kwa sindano, na harufu yake hujulikana na kila aliyelala kambini. Maradhi haya mawili ni ya buti lililolowa. Huponywa kwa dawa zisizo ghali, lakini hurudi mtu asipoosha miguu, asipoikausha vizuri baina ya vidole, na asipolianika buti lake juani. Anayeweza kuwa na jozi mbili za soksi, avae moja na kuanika nyingine.

Mpira wenyewe nao huweza kuwa na lawama. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha ngozi huko Marekani walianza kubadilika rangi mikononi, wakawa na mabaka meupe. Uchunguzi ulionyesha kwamba sababu ilikuwa kemikali iliyotiwa katika mpira wa glavu zao ili mpira usiharibike upesi. Basi mtu akiona baka jeupe au ukurutu uliofuata umbo la kiatu chake, ukomee pale buti linapokomea, yafaa akitazame kiatu kabla ya kumtazama jirani.

Tena kuna madoa ya kahawia kuzunguka vifundo vya miguu, kwa watu wanaosimama saa nyingi: wapishi, walinzi, washonaji wa kusimama, wafanyakazi wa mashine. Mishipa inayorudisha damu juu imelegea. Damu hutuama chini, chembe zake hupenya nje ya mishipa, na madini ya chuma yaliyomo ndani yake hubaki katika ngozi na kuipaka rangi. Mguu huvimba jioni, asubuhi ukapungua. Mwenye dalili hizi asingoje kidonda kifunguke, kwani kidonda cha hapo hukaa miaka.

Na kuna madoa madogo ya rangi ya udongo juu ya muundi, yasiyouma, ambayo huonekana kwa baadhi ya watu wenye kisukari. Doa lenyewe halina madhara. Faida yake ni kwamba latuambia twende tukapimwe sukari. Kisukari kikikaa mwilini bila kujulikana huua hisia za miguu. Mtu hukanyaga mwiba akaendelea na safari, huota moto akaungua asijue, hata siku anayoona kidole kimekuwa cheusi, na daktari hana jingine la kusema ila kukikata. Miguu mingi iliyokatwa ingalisalimika kwa kupimwa tone moja la damu mapema.

DOA LISILOHISI

Sasa tuje kwenye doa ambalo wazee wetu waliliogopa kuliko yote. Ukoma huanza mara nyingi kwa baka moja au machache, yaliyopauka kuliko ngozi iliyoyazunguka au yenye wekundu kama wa shaba. Baka hilo haliwashi. Haliumi. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa maana mtu wa kazi amezoea kwenda hospitali kwa ajili ya maumivu, na hili halimpi maumivu hata kidogo. Kijidudu cha ukoma, kilichogunduliwa mwaka 1873 na daktari Hansen wa Norway, hupenda kukaa katika mishipa ya fahamu. Kinapoishambulia, ngozi hufa ganzi. Baadaye mguu huburuzika, vidole hujipinda, na vidonda vya unyayo hufunguka bila mwenyewe kuhisi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa na afumbe macho, mwenzake amguse kwa ncha ya pamba, mara juu ya baka, mara kando yake, naye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Akishindwa kutambua panapoguswa juu ya baka, aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Hapana sababu ya hofu ya zamani. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani liliagiza dawa za mchanganyiko zitumike dhidi ya ukoma, na mgonjwa hupona kwa kuzimeza miezi 6 au 12 kwa kadiri ya aina ya ugonjwa wake. Dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa aliyeanza dawa huacha upesi kuambukiza wenzake, akaishi na watu wake kama kawaida. Ukoma haurithiwi, si laana ya ukoo, na watu wengi wana kinga ya asili dhidi yake. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kipimo cha dunia cha kuwa na mgonjwa pungufu ya mmoja kwa kila watu 10,000. Lakini kupungua si kwisha: katika miaka ya karibuni wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 wamekuwa wakigunduliwa nchini kila mwaka, na baadhi yao hufika wakiwa tayari na ulemavu ambao dawa haiwezi kuurudisha nyuma. Hao hawakukosa dawa. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba doa lisilouma ndilo la kukimbiliwa.

Yafaa pia ijulikane kwamba dawa mojawapo ya ukoma hufanya ngozi kuwa nyeusi kwa muda. Wako walioacha dawa kwa sababu hiyo, wakidhani wameharibiwa. Weusi huo hufifia baada ya dawa kwisha; ulemavu haufifii.

MAJI YASIYO NA LADHA

Yote tuliyoyataja hadi hapa ni mambo ya mtu mmoja na mguu wake. Lililobaki ni la jumuiya nzima, nalo lahusu hasa nchi ya dhahabu.

Dhahabu ya kanda ya Ziwa haikai peke yake katika mwamba. Mara nyingi hukaa pamoja na madini ya salfa, na baadhi ya madini hayo yamebeba sumu iitwayo aseniki. Mwamba ukiwa mzima chini ya ardhi, sumu hiyo hutoka kidogo kidogo na kuingia katika maji ya chini kwa kazi ya maumbile tu. Binadamu anapouvunja mwamba, akausaga karashani na kuyaacha marudio yakipigwa na hewa na mvua mwaka baada ya mwaka, anaifungulia sumu hiyo mlango mwingine wa kutokea. Kwa hiyo kisima huweza kuwa na aseniki mahali penye mgodi, na huweza kuwa nayo mahali ambapo hapajawahi kuchimbwa hata shimo moja.

Aseniki katika maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa hesabu ya nyumbani, gramu moja tu ikigawanywa katika ndoo 5,000 za lita 20, maji ya ndoo zote hizo yamekwisha kufika mpakani. Na jambo ambalo kila mama wa nyumba apaswa kulijua ni hili: kuchemsha maji, ambako ni wema mkubwa dhidi ya kipindupindu na kuhara, hakuondoi aseniki. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki sufuriani na kuwa nzito zaidi.

Mtu akinywa maji ya namna hiyo kwa miaka, aghalabu mitano au zaidi, ngozi huanza kusema. Kifuani na mgongoni hutokea vidoa vyeusi na vyeupe vilivyochanganyika, mfano wa matone ya mvua yaliyoangukia vumbi la njia. Viganjani na katika nyayo ngozi huwa ngumu, ikatoa vidutu kama punje za mtama, navyo hutokea miguu yote miwili na mikono yote miwili. Mchimbaji huviona akasema ni sugu za kazi. Lakini sugu ya kazi hukaa pale panaposuguliwa na mpini wa sururu au na buti. Vidutu vya aseniki havichagui, na huweza kumtoka hata asiyeshika sururu maishani mwake. Baada ya miaka mingi zaidi, sumu hiyo huweza kuleta saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu.

Dunia imekwisha kuliona jambo hili kwa gharama kubwa. Katika pwani ya kusini-magharibi ya Taiwan, wanakijiji waliokunywa maji ya visima virefu walipatwa na maradhi yaliyoitwa kwa jina la dalili yake, yaani mguu mweusi: damu ilishindwa kufika vidoleni, vikafa na kukatika. Maradhi hayo yalishamiri katika miaka ya 1950, nayo yakapungua watu walipoletewa maji ya bomba kutoka kwingine. Huko Bangladesh mamilioni ya visima vya pampu vilichimbwa tangu miaka ya 1970, kwa nia njema kabisa ya kuwaepusha watoto na kuhara. Aseniki iligunduliwa humo mwaka 1993, na kwa miaka iliyofuata ikadhihirika kwamba mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Serikali na wafadhili wakavipima visima karibu milioni 5, na kila kilichopimwa kikapakwa rangi: nyekundu kwa chenye sumu, kijani kwa kilicho salama. Hata asiyejua kusoma alijua achote wapi.

Na kwetu je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, wamepima maji ya chini katika kanda ya dhahabu ya Ziwa Victoria, na wamekuta visima vyenye aseniki kupita mpaka wa Shirika la Afya Duniani, Geita ikiwamo. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watafiti wa Bugando mjini Mwanza na wenzao wa nje waliwachunguza wanawake wajawazito zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Tanzania. Waliokaa katika maeneo ya uchimbaji mdogo walikutwa na aseniki na zebaki nyingi zaidi mwilini kuliko waliokaa mbali nayo. Watafiti walichunguza pia pemba, ule udongo ambao wajawazito wengi hupenda kuula, wakakuta kwamba udongo huo nao hubeba madini haya. Mama anakula pemba akitafuta kutulizwa kichefuchefu, kumbe anampelekea mtoto tumboni asichokitaka.

Hatusemi kwamba kila nyayo ngumu ya Geita imeguswa na aseniki, wala kwamba visima vyote ni vibaya. Twasema kwamba pale ambapo sumu imekwisha kuonekana majini, doa la mguuni halipaswi kuitwa sugu kabla maji hayajapimwa. Hapana dawa maalumu inayosafisha madhara ya miaka mingi ya aseniki. Dawa ya kwanza ni kubadili maji, na mwenye kubadili mapema huweza kuona madoa yakipungua.

DOA LIPAKWALO

Wako wasioficha doa kwa nguo, bali hulificha kwa krimu. Doa jeusi linamwudhi kijana, anakwenda dukani, anauziwa kijikopo cha kung'arisha ngozi. Hapo amekimbia moshi akaingia motoni, kwani baadhi ya krimu na sabuni hizo zina zebaki, ile ile ambayo mchimbaji huishika mwaloni akikamatisha dhahabu na kuivuta moshi wake akiichoma.

Mwaka 1999 Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyejulikana kwa kazi yake juu ya maradhi ya Minamata, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mjini huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria. Baadhi ya watu walikuwa na zebaki nyingi mno, na kilichoshukiwa katika hao kilikuwa sabuni za kuogea zenye zebaki. Minamata ni mji wa Japani ambao mwaka 1956 ulijulikana kwa watu wake kulemazwa na samaki waliokula taka za kiwanda. Mkataba wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki duniani umepewa jina lake, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo umezigusa krimu za kujichubua kama ulivyoigusa mialo ya dhahabu. Anayepaka krimu ya zebaki juu ya doa ameongeza ugonjwa wa figo na wa mishipa ya fahamu juu ya ugonjwa asioujua, na tena amelifuta doa kabla daktari hajaliona.

DOA JEUSI LINALOKUA

Kuna madoa mawili ambayo hayangojei mavuno yapite.

La kwanza ni la zambarau au jeusi lililoiva, ambalo huanza miguuni, likaongezeka kuwa mengi, yakainuka kama vinundu, na mguu ukavimba. Daktari Moritz Kaposi wa Vienna aliueleza ugonjwa huu mwaka 1872, na saratani hiyo yabeba jina lake. Katika Uganda, Kongo ya mashariki na upande wetu huu wa Ziwa, ilijulikana miongoni mwa wanaume wazee kabla UKIMWI haujatokea. Baada ya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera, iliwashika na vijana, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1994 kiligunduliwa kirusi kinachoisababisha, nacho hupata nguvu kinga ya mwili inapodhoofika. Aonaye madoa hayo na apime damu yake bila aibu. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure, na kwa wengi madoa hurudi nyuma kinga inapopanda.

La pili ni doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha, lisilo na mipaka iliyonyooka, lenye rangi zisizolingana, linalopanuka mwezi kwa mwezi. Hii ni saratani ya seli zile zile za rangi tulizozitaja mwanzo. Ngozi yetu nyeusi hutulinda sana na saratani ziletwazo na jua, ndiyo sababu watu hudhani haituhusu. Lakini kwa mtu mweusi saratani hii hupenda mahali pasipo jua, na unyayo ndio makao yake makubwa. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika aliyekuja Zimbabwe mwaka 1980 kuimba katika sherehe za uhuru, alikuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, baada ya kidole hicho kudhaniwa kuwa kimeumia mpirani. Hakukubali kidole kikatwe. Mwaka 1981 alifariki, ana umri wa miaka 36. Katika mashamba na migodi yetu wako wengi ambao kidole chao pia "kiliumia kazini", na doa halikupona.

TUSISOME ALAMA KWA UPOFU

Mtu asiyepata maelezo ya daktari hujitafutia maelezo mengine. Husema amekanyaga kilichotegwa njiani. Husema jirani hakupenda mavuno yake. Shinyanga na Geita zinajua vizuri mwisho wa maneno hayo. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, na katika ushahidi wa wauaji kuliletwa macho mekundu ya bibi yule, macho yaliyowekundishwa na miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni na wa samadi. Alama ya mwili ilikuwa wazi. Waliokosa ni wasomaji wake. Kila doa linalopimwa hospitali ni tuhuma moja inayopungua kijijini.

LA KUFANYA

Tumeambiwa tangu mwaka 1961 kwamba adui wa taifa hili ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika jambo la doa la mguuni adui hawa watatu hukaa meza moja. Umaskini humfanya mtu asiache duara siku moja kwenda zahanati. Ujinga humwambia kwamba kisichouma si ugonjwa. Na maradhi hupata nafasi ya miaka.

Basi kila mfanyakazi na ajizoeze, mara moja kwa juma, kukaa mahali penye mwanga, aigeuze miguu yake, atazame unyayo, baina ya vidole na chini ya kucha, na akiona doa aliulize maswali manne. La kwanza: je, linahisi pamba? Lisipohisi, fikiri ukoma. La pili: je, linakua au linabadilika rangi? Likikua, fikiri saratani. La tatu: je, liko mguu mmoja au miguu yote miwili pamoja na viganja? La nne: je, yuko mwingine nyumbani au kisimani kwetu aliye na mfano wake? Jibu la maswali haya mawili ya mwisho likiwa ndiyo, mguu umekwisha kusema. Sasa yaulizwe maji. Maswali haya hayamfanyi mtu kuwa daktari. Yanamwambia aharakishe kwenda kwa daktari, na amweleze nini.

Mwenye kuajiriwa ajue haki yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka mfanyakazi apimwe afya, na vifaa vya kujikinga hutolewa na mwajiri, si kukatwa katika mshahara. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua maradhi yatokanayo na kazi sawa na ajali. Daktari akupimaye aelezwe kazi uifanyayo na kemikali uzishikazo, ili ayaandike. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri hana budi kutafuta nguvu hiyo katika kikundi chake: kununua mabuti yasiyovuja, kutenga marudio mbali na visima, kuacha kuchomea zebaki nyumbani.

Na viongozi wa vijiji, kata na mashina wana jukumu ambalo mwananchi mmoja hawezi kulibeba. Maji ya kisima hayapimwi kwa macho. Uko Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanzishwa mwaka 2019. Ziko maabara za maji. Yuko Mkemia Mkuu wa Serikali. Ombi la kupima kisima laweza kuandikwa katika mkutano mmoja wa kijiji, na likitajwa kwa jina lake, kwamba twataka aseniki ipimwe pamoja na vijidudu, halitajibiwa kwa karatasi ya vijidudu peke yake. Kisima kikionekana kina sumu, kisizibwe kimya kimya watu wakabaki na kiu. Kipakwe rangi nyekundu, kiachiwe kazi ya kufulia, na maji ya kunywa yatafutwe kwingine: mvua ivunwe mabatini, au bomba lisogezwe.

Hili la bomba si ndoto. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele yalifikishwa Kahama na Shinyanga, mahali ambapo kwa vizazi mwanamke alitembea nusu siku akitafuta lambo. Ikiwa maji yaliweza kuvuka nchi yote ile kavu, yaweza kufika na katika vijiji vinavyokaa juu ya dhahabu. Wanaostahili kuyadai ni wale wale ambao miguu yao imesimama juu ya utajiri huo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Sisi twaongeza kwamba kijiji kikificha madoa yake, watakaoumbuliwa ni watoto, ambao hawakuchimba wala hawakuchagua kisima. Tuyaonyeshe madoa hayo mapema, yangali madogo.